Zamu ya Alhamisi

Kamati ya maji ilikaa kwenye veranda ya ofisi ya kijiji
ikagawa mfereji upya, kwa chaki, juu ya mlango:
aliyekuwa na siku mbili, sasa moja;
aliyekuwa na saa sita, sasa tatu.
Mimi nikaangukia Alhamisi, tangu alfajiri.
Michungwa yangu arobaini na miwili
haijui kusoma chaki.

Mikorosho ng'ambo ya barabara ilitutazama tu.
Mkorosho hauombi. Unameza vumbi la Ndanda kiangazi kizima
na bado bibo linatoka jekundu, linanuka hadi kanisani.
Mchungwa ni kitindamimba:
ukichelewa kumwita, ananuna.
Kufika mwezi wa sita majani yalikuwa yamejikunja
kama sambusa zisizojazwa nyama.

Nilikuwa napima kwa kamba ya kiatu cha marehemu Bathromeo.
Mwaka jana chungwa la mti wa tano lilifika fundo la nne.
Safari hii, fundo la tatu, tena kwa kuvuta.
Nikaandika kwenye daftari. Sikuandika nilivyojisikia.

Nampoto akaja kutoka Masasi na pikapu yake
na pete yake ya waya.
Chungwa likipenya kwenye pete, nusu bei.
Yangu yalipenya mfululizo, kama watoto wanaotoka darasani.
"Onja basi," nikamwambia. Nikamkatia moja.
Ganda gumu, kisu kililalamika.
Maji kidogo, ya kulowesha kiganja tu,
lakini kidogo kile kilikuwa na uzito wa asali.
Alifumba macho. Nilimwona.
Halafu akafumbua, akapangusa ndevu.
"Utamu haujazi tenga, mama Edigna."

Basi Jumatatu usiku nikachukua jembe.

Zamu ilikuwa ya Kosmas Likwata, naye alikuwa msibani Nangoo.
Nilijaza tope kwenye gunia la salfa,
nikaziba mdomo wa mfereji wake, nikafungua wangu.
Saa nne nzima nilikaa gizani, miguu ndani ya maji,
nikisikiliza udongo ukinywa
kama mtu anayefyonza uji wa moto.
Nilicheka peke yangu. Nakiri.

Jumanne hapakuwa na kitu.
Jumatano asubuhi nikasikia nyuki kabla sijaona.

Ganda lililokwisha kukaza kwa kiu
halikuwahi kulegea.
Nyama ndani ilivimba, ikatafuta pa kutokea,
ikapasua.
Chungwa moja, tisa, sabini na matatu,
mipasuko kutoka kitovuni hadi ubavuni,
vinywa wazi mti kwa mti,
na bonde zima, kwa majirani wote,
hakuna hata moja lililofungua mdomo.
Yangu tu ndiyo yaliyokuwa yakisema.

Nilianza kuyachuma haraka, niyafukie.
Nikafika la arobaini na ngapi sijui,
nikasikia kikohozi nyuma yangu.

Kosmas hakuuliza kitu.
Aliokota moja chini, akafukuza sisimizi kwa kidole gumba,
akafyonza taratibu, akatema kokwa upande wake wa mfereji.
Akaangalia juu kwenye matawi, akahesabu nadhani,
kwa kuwa midomo yake ilitembea.

"Haya yamelewa," akasema.

Nilitaka kusema mbwa, nilitaka kusema watoto,
nilitaka kusema Nampoto na pete yake ya waya,
na ada ya Hilaria, muhula wa pili.
Mkono wangu ulikuwa umeshika chungwa
linalovuja hadi kwenye kiwiko.

"Mengine yaliyobaki juu," akasema, "usiyape kitu mpaka kesho.
Na kesho, kidogo kidogo. Yatakuja."

Kisha akatoa kitu kwapani, kimekunjwa vizuri mara nne:
gunia, jina langu bado linasomeka kwa wino wa ghala.

"Nimelifua," akasema.
"Kwa maji ya kisima."